Dawa ya mbu ya kujipaka: kabla ya kuuliza ni ya majani au ya kemikali, uliza inakaa saa ngapi

Wiki ya tatu ya masika, maji yakiwa yametuama kwenye kila shimo la mtaa wetu, nilipanga foleni kwenye duka moja la dawa huko Mbagala. Mbele yangu alikuwepo mama aliyembeba mtoto mgongoni, na mwingine wa miaka kama sita akimvuta kanga. Aliomba dawa ya mbu ya kujipaka. Muuzaji, kijana mdogo tu, akaweka chupa mbili juu ya kaunta.

"Hii ya kemikali, hii ya asili, mama. Ya asili imepanda bei kidogo."

"Nipe ya asili, mwanangu. Hayo makemikali si ndiyo yanayoleta saratani?"

Kijana akacheka, akafunga chupa yenye jani la kijani kwenye karatasi, mama akalipa akaondoka. Zamu yangu ilipofika niliomba kuziangalia chupa zote mbili. Iliyochorwa jani ilikuwa na mafuta ya sitronela, yatokanayo na nyasi ambazo ni ndugu wa mchaichai. Nyingine ilikuwa na DEET, kemikali ya kufukuza mbu, asilimia 15. Ndipo nilipogundua kwamba mama, muuzaji, na mimi niliyesikiliza yote, hakuna aliyeuliza jambo ambalo mbu wenyewe wangelijali kuliko yote: hiki kitu kinakaa muda gani kwenye ngozi?

Tangu siku ile nimelisikia swali la yule mama kwenye daladala na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule. Ipi bora, ya asili au ya kiwandani? Kwa maoni yangu swali lenyewe limekaa upande, na ukilinyoosha utaona majibu yake ni mepesi kuliko watu wanavyodhani.

Jina moja, vitu vinne

Sisi husema "dawa ya mbu" kwa ile ya kupulizia chumbani, kwa ile ya kuchoma iliyojikunja kama jongoo, kwa ile iliyomo kwenye nyuzi za chandarua, na kwa mafuta ya kujipaka. Tatu za mwanzo ni viuatilifu: mbu akikutana navyo vya kutosha anaanguka, anatapatapa na mara nyingi anakufa. Ya kujipaka ni jamii nyingine kabisa. Haiui mbu. Inamfukuza, basi. Kwa hiyo mtu aliyejipaka akimwona mbu anazungukazunguka karibu na mkono wake bila kutua, halafu akanung'unika kwamba ameuziwa dawa feki, anailaumu dawa inayofanya kazi yake sawasawa.

Mbu anayeuma ni jike, na anakuuma kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Kwa kiasi kikubwa anakutafuta kwa harufu. Kwanza hunasa hewa ya kaboni dayoksaidi unayoitoa kwa pumzi, akaifuata kama mtoto anavyofuata harufu ya maandazi mpaka mlangoni kwa jirani. Akikaribia hupata harufu ya jasho na joto la mwili, hapo anajua amefika. Kifukuza mbu huvuruga hatua hii ya mwisho. Aliyewahi kuwa jikoni wakati mtu anakaanga pilipili kavu na madirisha yamefungwa ataelewa haraka: hafi mtu, lakini hakai mtu.

Vurugu hiyo haiendi mbali. Inaelea karibu kabisa na ngozi, kwa hiyo ukipaka mikono na shingo ukasahau visigino, utaumwa visigino. Hili nitalirudia, maana visigino vina kesi yao.

Mpaka wa shamba na kiwanda hauko pale unapodhani

Tuchukue pareto. Ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, linalimwa nyanda za juu zenye baridi: huku kwetu Iringa na Mbeya, na kwa majirani zetu Kenya huko Molo na Nakuru. Ua likikaushwa na kusagwa hutoa pairethrini, sumu kali kwa wadudu. Kasoro yake ni moja: jua linaivunjavunja ndani ya muda mfupi. Wanakemia wakachukua umbo la molekuli hiyo, wakaliiga kiwandani na kulirekebisha ili livumilie jua na muda. Nakala hizo zinaitwa pairethroidi, na ndizo zilizotiwa kwenye vyandarua vyenye dawa tunavyogawiwa kliniki. Kwa maneno mengine, mtu anayesema hataki kemikali huenda kila usiku analala ndani ya nakala ya ua la Mafinga.

Ikaridini nayo, ambayo kwenye chupa nyingine huitwa pikaridini, ilitengenezwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani miaka ya 1980. Ni ya kiwandani moja kwa moja, lakini umbo lake limetoka kwenye ukoo wa piperini, kile kinachofanya pilipili manga iwashe. Kifukuza mbu kingine kinachoitwa IR3535, kutoka kampuni ya Merck, kilibuniwa kwa kuiga asidi amino inayopatikana katika vyakula.

Halafu kuna kinachokwenda njia ya kinyume, na ndicho kinachowachanganya watu zaidi. Kuna aina ya mkaratusi ambao majani yake yananukia limao. Mafuta mabichi ya majani hayo kwa sehemu kubwa ni sitronelali, kiungo chenye harufu inayoruka upesi. Ndani yake mna asilimia moja au mbili tu ya kitu kinachoitwa PMD, na PMD ndiyo inayofukuza mbu kwa muda mrefu. Kiwandani, mafuta yale huchakatwa kwa asidi mpaka sehemu kubwa igeuke kuwa PMD. Chupa ya PMD ni "ya asili" kweli, lakini jani lake limepita kiwandani likatoka likiwa kitu kingine. Siku hizi PMD hutengenezwa hata bila kugusa jani.

Kwa hiyo kuchemsha majani ya mkaratusi nyumbani na kujipaka si sawa na kununua PMD. Ni kama kutafuna muwa ukisema umekunywa soda. Isitoshe, mikaratusi mingi tunayoiona barabarani, inayopandwa kwa ajili ya nguzo za umeme na mbao, si ile ya limao.

Asiye na asili yoyote ya shambani katika kundi hili ni DEET. Huyo ni mtoto wa maabara. Jeshi la Marekani, likiwa limetoka kupigana kwenye misitu ya joto katika Vita Kuu ya Pili, lilitaka kitu cha kuwakinga askari, na mwaka 1946 wataalamu wa kilimo wa nchi hiyo wakaipata. Raia walianza kuitumia mwaka 1957. Kwenye baadhi ya chupa utakuta jina lake refu linaloanza na diethyl na kuishia na toluamide, ni hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye saa

Mama yangu yuko Muheza, na mlangoni pake kuna kivumbasi kilichoota chenyewe miaka mingi iliyopita. Vijani vidogo, mashina yenye wekundu wa zambarau. Kila magharibi hukata tawi, akalisugua viganjani na kulipitisha miguuni na kwenye shingo za wajukuu. Mara ya mwisho nilipokwenda nilifanya hivyohivyo, nikakaa barazani na kuwa ninanusa kiganja changu kila mara. Mwanzo kilinukia kama karafuu iliyochanganywa na ndimu, harufu ya kujaza pua. Kahawa ilipoletwa ilikuwa imepungua nusu. Nilipomaliza kikombe cha pili, kiganja kilinukia kahawa.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Harufu ya mmea ni mafuta mepesi yanayoruka hewani, na kwa sababu yanaruka ndiyo maana unayanusa. Kila unachokinusa kimeshaondoka kwenye ngozi. Chukua tone la petroli na tone la mafuta ya nazi, uviweke juu ya mkono: moja litatoweka ukiliangalia, jingine utalikuta jioni. Mafuta ya mchaichai na sitronela yako upande wa petroli. DEET, ikaridini na PMD ni mazito zaidi, yanajiachia polepole.

Mwaka 2002 jarida la tiba la New England, Marekani, lilichapisha jaribio ambalo bado linatajwa sana. Watu 15 walijitolea kuingiza mikono iliyopakwa dawa mbalimbali kwenye vizimba vya mbu wenye njaa, saa ikihesabiwa mpaka mbu wa kwanza aume. DEET ya karibu asilimia 24 ilikinga kwa wastani wa dakika 301, yaani saa tano na kidogo. Dawa moja ya mafuta ya soya, ambayo ni ya mimea, ilifika dakika 94 hivi na kuzishinda baadhi za kiwandani. IR3535 ya asilimia 7.5 haikufika hata nusu saa. Nyingi za sitronela zilimaliza kazi chini ya dakika 20. Bangili za kuvaa mkononi, zile zenye dawa ndani, hazikukinga chochote cha kusemea.

Angalia matokeo hayo vizuri. Mmea mmoja umemshinda mtoto wa kiwanda, na kiwango kidogo cha dawa ya kiwandani kimeanguka. Jani lililochorwa kwenye chupa lisingeweza kukuambia hata moja kati ya hayo.

Na asilimia zina maana gani? Wengi huzisoma kama ukali, kwamba DEET ya asilimia 50 "inauma" mbu mara mbili zaidi ya ile ya 25. Sivyo. Fikiria chemli. Ukijaza mafuta ya taa mpaka juu mwanga hauongezeki, ila chemli itawaka mpaka usiku wa manane badala ya kuzimika wakati wa chakula. DEET ya asilimia 10 hukupa kama saa mbili, ya 20 hadi 30 hukupa saa tano hivi, na ukipita 50 faida inakuwa ndogo mno, tangi limeshajaa. Ikaridini ya asilimia 20 inakwenda sambamba na DEET ya kiwango hicho. PMD ya asilimia 30 hulinganishwa na DEET ya kiwango cha chini, na hilo si jambo dogo kwa kitu kilichoanzia kwenye jani. Jasho, mvua na kuogelea hupunguza muda wa zote. Kwa mwezi wa pili wa Dar es Salaam, punguza hesabu kabisa.

Hofu ya DEET

Nirudi kwenye saratani ya yule mama. DEET imetumiwa kwa zaidi ya miaka 60 na watu wasiohesabika. Shirika la Marekani la ulinzi wa mazingira liliipitia upya mwaka 1998 na tena 2014, likasema ikitumiwa kama lebo inavyoelekeza haina hatari ya kutia wasiwasi, na halikukuta ushahidi kwamba inaleta saratani. Visa vya degedege vilivyowahi kuripotiwa ni vichache sana, na vingine vilitokana na watu kuinywa au kuipaka kupita kiasi.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika kwenye mpaka wa Thailand na Myanmar. Wanawake wa kule hupaka usoni thanaka, urembo wa manjano wa mti uliosagwa, kama wanawake wa pwani yetu wanavyopaka liwa. Watafiti walichanganya DEET ya asilimia 20 kwenye thanaka wakawapa wajawazito, huku kundi jingine likipata thanaka tupu. Wanawake karibu 900 walishiriki, wakiwa katika miezi ya kati na ya mwisho ya ujauzito, na matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watoto waliozaliwa hawakuonyesha madhara. Kwa mjamzito, ambaye malaria kwake ni hatari maradufu na ambaye huvutia mbu kuliko wengine, hilo ni jambo la kujua.

Haina maana kwamba ni maji ya kunywa. Watoto chini ya miezi miwili wasipakwe. Hao chandarua kinawatosha. Kwa watoto wakubwa, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri usipite asilimia 30. Mkubwa ajipake viganjani kwanza ndipo ampake mtoto, na asiguse vidole vya mtoto wala eneo la macho na mdomo, kwa sababu vidole vya mtoto mwisho wa safari yake ni mdomoni. Usipake juu ya kidonda, wala chini ya nguo. Ukiingia chandaruani, oga au nawa.

Kisa cha kweli cha DEET ni plastiki. Nilikuwa na saa ya mkononi ya bei ya chini, kioo chake cha plastiki. Nilijipaka, nikavaa saa mkono ukiwa bado umelowa, asubuhi kioo kilikuwa na ukungu na alama ya kidole changu imezama ndani kama imechorwa. DEET huyeyusha aina kadhaa za plastiki, rangi ya kucha na baadhi ya vitambaa vya kiwandani kama reyoni na spandeksi. Watu wakiona hivyo husema, "Kama inayeyusha saa, ngozi itakuwaje?" Lakini hata asetoni huondoa rangi ya kucha bila kuondoa kidole. Ngozi na plastiki ni vitu tofauti. Ukiona kero, ikaridini haina tabia hiyo, haina harufu kali na haiachi utelezi. Mimi mwenyewe nilihamia huko, kwa sababu ya saa na wala si kwa hofu.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino na yeyote anayepaka losheni ya jua: losheni kwanza, iache iingie kwenye ngozi, kisha dawa ya mbu juu. DEET hupunguza nguvu ya losheni ya jua, kwa hiyo usisubiri jioni kurudia.

Na hofu tusiyokuwa nayo

Ajabu ni kwamba tunaogopa chupa yenye maelekezo, halafu tunampaka mtoto kitu kisicho na maelekezo yoyote. Mafuta ya karafuu ya Pemba ni mfano mzuri. Yanafukuza mbu, kwenye majaribio ya maabara yaliyofanyika Thailand, mafuta halisi ya karafuu bila kuchanganywa yaliongoza mafuta mengine mengi ya mimea, yakakinga saa mbili mpaka nne. Tatizo ni hayo maneno "bila kuchanganywa". Mafuta makali ya karafuu yanachoma ngozi, na ukiyazimua ili yasichome, muda wake unapungua.

Ndimu ni hatari zaidi ya inavyoonekana. Maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi na jua likapiga, yanaweza kuibabua mpaka malengelenge. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, na kumnywesha mtoto mchanga ni hatari ya kweli, hata kama bibi alisema ni kwa ajili ya minyoo. Hata PMD, pamoja na sifa zote nilizoimwagia, haishauriwi kwa watoto walio chini ya miaka mitatu.

Kivumbasi, moshi, na makumbi

Je, kivumbasi cha mama hakifai? Kinafaa kidogo, na nasema kidogo kwa uangalifu. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, waliweka mimea hai kwenye vyungu ndani ya vibanda vya majaribio. Kivumbasi kilipunguza mbu wa malaria kwa karibu asilimia 40, na mimea mingine kwa takriban theluthi. Hiyo ni bure, haina gharama wala madhara. Lakini iangalie kwa upande wa pili: mbu sita kati ya kumi bado wameingia. Ukiwa unaishi mahali penye mbu mia kwa usiku, sitini wanatosha kabisa.

Wapwani huchoma makumbi ya nazi, wengine kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, wengine hivyo vivumbasi. Moshi unasaidia, hasa ukiwa na majani ya kunukia ndani yake. Mapafu ndiyo yanayolipa. Ile dawa ya kuchoma ya mzunguko, ambayo Mjapani Eiichiro Ueyama aliianzisha mwishoni mwa karne ya 19 kwa unga wa pareto, iko kwenye kapu hilohilo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kipande kimoja kikiungua hutoa vumbi laini la moshi sawa na la sigara 75 hadi 137. Ichome barazani kwenye upepo. Usiichome chumbani walipolala watoto na mlango umefungwa.

Mbu gani, saa ngapi

Hapa ndipo uchaguzi wa dawa unapokutana na maisha ya mtu. Anofelesi, anayebeba malaria, kwa kawaida huuma kuanzia giza likiingia mpaka alfajiri. Saa tano usiku chandarua kinammaliza. Ila saa moja jioni uko wapi? Uko kibandani unaangalia mpira, au unauza chipsi, au unamsubiri abiria juu ya bodaboda. Pengo hilo la kuanzia magharibi mpaka kulala ndilo hasa la dawa ya kujipaka, na lina urefu wa saa nne au tano. Sitronela ya dakika 20 ingekutaka ujipake upya kila unapogeuza sahani ya chipsi.

Edesi ni mwingine: mweusi, mwenye vidoa vyeupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Huyu ndiye wa dengue, homa ambayo wazee wa Unguja waliijua kwa jina la kidinga popo zamani sana, na iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ndiye pia wa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1952 huko uwanda wa Makonde, ukabaki na jina la Kimakonde linaloeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Chandarua hakimgusi edesi, maana unapoumwa uko ofisini au darasani. Kukiwa na mlipuko wa dengue, dawa ya kujipaka asubuhi ndiyo kinga ya mwili iliyobaki, pamoja na nguo ndefu.

Sasa visigino. Mtu akikaa, mbu wa malaria hupenda sana miguu na vifundo kuliko sehemu nyingine. Wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara walilitumia hilo wakatengeneza ndala zenye ukanda uliotiwa transfluthrini, dawa inayosambaa hewani taratibu, wakazijaribu kusini-mashariki mwa Tanzania. Hata kama huna ndala hizo, ukiwa na dawa kidogo chupani, anza na vifundo ndipo upande juu. Wengi wetu hufanya kinyume: tunapaka uso.

Mengine niyapite haraka. Vitunguu saumu na vidonge vya vitamini B havifukuzi mbu. Programu za simu zinazotoa mlio wa kufukuza mbu hazifanyi chochote zaidi ya kumaliza chaji. "Damu tamu" haipo. Harufu ya ngozi ndiyo inayotofautiana kati ya mtu na mtu. Na kwa wale watakaouliza kuhusu bia, kuna utafiti wa Burkina Faso wa mwaka 2010 ulioonyesha mbu wa malaria wanavutiwa zaidi na mtu aliyekunywa pombe yao ya kienyeji. Naweka hapa bila maoni.

Kwa hiyo dukani, acha mbele ya chupa, geuza nyuma. Tafuta jina la kiungo kinachofanya kazi: DEET, Icaridin au Picaridin, IR3535, PMD. Tafuta asilimia yake. Tafuta saa. Ukitaka ya mimea kwa sababu zako, na sababu hizo ni zako, chukua PMD na usikubali "mafuta halisi ya mkaratusi" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukichukua sitronela, jua unanunua dakika, siyo jioni nzima, na chupa itaisha upesi, kwa hiyo ile bei yake si bei yake.

Juzi nilipita tena kwenye lile duka la Mbagala. Chupa yenye jani bado ilikuwepo kwenye rafu, imesogezwa mbele. Nikamuuliza yule kijana inakaa saa ngapi. Akaigeuza, akaisoma, akaigeuza tena, akaisogeza karibu na taa.

"Hawajaandika, kaka," alisema, akanyoosha mkono kuchukua nyingine.